Pigo Lililotengana na Sauti: Wapiga Dramu Wazee na Seti za Kielektroniki

Seti ya dramu, ile ambayo katika Afrika Mashariki huonekana nyuma ya waimbaji wa kwaya na wa bendi za dansi, ni mkusanyiko wa ala zinazopigwa na mtu mmoja kwa mikono na miguu yake yote: dramu ya besi inayogongwa kwa pedali, snea yenye nyuzi za chuma zinazotetema chini yake, tomu mbili au tatu, na matoazi ya shaba, yakiwemo mawili yanayofumbwa na kufumbuliwa kwa mguu ambayo wapigaji huyaita haihati. Katika seti ya namna hiyo pigo na sauti havitenganishiki, kwa kuwa kijiti kinapotua juu ya ngozi, ngozi hiyohiyo ndiyo inayotetemesha hewa, na nguvu ya mkono ndiyo inayoamua ukubwa wa sauti bila chombo kingine kuingilia kati. Seti ya kielektroniki imeuvunja uhusiano huo: kijiti hutua juu ya pedi iliyo karibu bubu, kihisi kilichofichwa ndani ya pedi hupima mtetemo, na sauti hutolewa na chombo kingine kwa kiwango anachokitaka mpigaji.

Sura hii inawahusu watu ambao utengano huo umewafaa kwa namna ya pekee, nao ni wapigaji wa ridhaa wenye umri mkubwa katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wastaafu na wanaokaribia kustaafu ambao hawakupata kuishi kwa muziki lakini hawakuacha kuupenda. Hoja yake ni kwamba utengano wa pigo na sauti umewarudisha kitini kwa kuwapunguzia vikwazo vya kelele, nafasi na maumivu, lakini papo hapo umewakabidhi kazi ambayo zamani ilifanywa na mbao, ngozi na shaba zenyewe, yaani kazi ya kuamua pigo fulani litoe sauti gani. Kwa sababu hiyo, anayedhani kwamba kuunganisha na kurekebisha vifaa ni usumbufu wa siku ya kwanza tu, ambao ukiisha muziki huanza, hajaielewa ala aliyoinunua.

Kizazi kilichoacha na kurudi

Wengi wa wapigaji hawa walizaliwa katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, hasa kati ya 1946 na 1964, kipindi ambacho idadi ya watoto iliongezeka sana Marekani na katika nchi kadhaa za Ulaya. Tarehe 9 Februari 1964, kundi la Beatles lilipopiga kwa mara ya kwanza katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan mjini New York, watazamaji wapatao milioni 73 walimwona Ringo Starr akiwa ameketi juu ya jukwaa lililoinuliwa nyuma ya seti yenye jina la kampuni ya Ludwig ya Chicago, na baada ya usiku huo mahitaji ya dramu yalipanda kwa kasi ambayo viwanda havikuwa vimeitarajia. Vijana waliozinunua walipiga katika magereji ya wazazi wao, katika sherehe za shule na katika kumbi ndogo za mitaani. Kisha zikaja ndoa, watoto, ajira na nyumba zilizopakana na majirani, na seti zikauzwa au zikawekwa darini.

Mtu aliyezaliwa mwaka 1950 alitimiza miaka 65 mwaka 2015, wakati ambapo seti za kielektroniki zilikuwa zimekwisha kuwa bidhaa ya kawaida madukani, na kwa hiyo kustaafu kwa kizazi hiki kumekutana na kukomaa kwa teknolojia hiyo. Mkutano huo una matokeo makubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mwanafunzi wa leo anayeanzia kwenye pedi hana cha kulinganisha nacho, ilhali mpigaji anayerudi akiwa na miaka 65 anabeba masikioni kumbukumbu ya snea halisi ndani ya chumba halisi, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayomfanya asiridhike na sauti aliyoikuta kiwandani imepangwa tayari.

Safari ya pedi

Majaribio ya dramu za kielektroniki zinazopigwa kwa mkono yalianza mapema katika miaka ya 1970, lakini seti iliyofanya vifaa hivyo vijulikane kote ni SDS-V ya kampuni ya Kiingereza ya Simmons, iliyotoka mwaka 1981 ikiwa na pedi za pembe sita ambazo ziliipa miaka ile sura yake jukwaani. Sauti yake haikujaribu kufanana na dramu ya mbao, na uso wa pedi zake ulikuwa wa plastiki ngumu ya polikaboneti isiyonyonya mshtuko, hivyo kila pigo lilirudisha nguvu yake kwenye kifundo cha mkono, na wapigaji wengi walilalamikia maumivu. Kama ala hii ingebaki hivyo, isingekuwa na nafasi kwa mtu mwenye baridi yabisi ya vidole.

Hata hivyo, seti hizohizo zilionyesha mapema kwamba ala isiyofungwa na maumbile ya dramu inaweza kupangwa upya kufuatana na mwili wa mpigaji. Rick Allen, mpiga dramu wa kundi la Def Leppard, alipoteza mkono wake wa kushoto katika ajali ya gari tarehe 31 Desemba 1984, na mwezi Agosti 1986 alirudi jukwaani katika tamasha la Donington, Uingereza, akitumia seti iliyopangwa ili mguu wa kushoto, kwa njia ya pedali kadhaa za kielektroniki, ufanye kazi zilizokuwa za mkono uliokosekana. Kanuni iliyomwezesha Allen ndiyo inayomwezesha leo mzee mwenye bega lililokakamaa kulishusha toazi hadi usawa wa kifua au kuhamishia sauti fulani kwenye pedi iliyo karibu.

Mabadiliko mawili yaliyokuja baada ya SDS-V yaliifanya ala hiyo ifae nyumbani. La kwanza ni MIDI, lugha ya pamoja ya ala za kielektroniki iliyozinduliwa mwaka 1983, ambayo huandika kila pigo kwa namba mbili kuu: ya kwanza inaeleza ni pedi ipi iliyopigwa, na ya pili inaeleza nguvu ya pigo kwa kipimo kisichozidi 127. La pili lilikuja mwaka 1997, wakati kampuni ya Roland ya Japani ilipotoa seti yake iliyoitwa V-Drums yenye moduli ya TD-10, yaani chombo kinachotoa sauti, pamoja na pedi zilizofunikwa kwa ngozi ya wavu, yaani kitambaa cha nyuzi za sintetiki kinachokazwa kwa skrubu kama ngozi ya kawaida lakini kinachoruhusu hewa kupita, hivyo kikatoa mrudisho wa kijiti bila kelele. Wavu huo ulibuniwa kwa ushirikiano na Remo, kampuni ya Marekani ambayo miaka 40 kabla, mwaka 1957, ilikuwa imeanza kuondoa ngozi za ndama kwenye dramu kwa kuuza ngozi za plastiki. Wapigaji wa zamani wanaoudharau wavu kwa kuwa si ngozi halisi husahau kwamba zile walizopigia ujanani nazo hazikutoka kwa mnyama.

Masikio na viungo

Seti ya mbao ndani ya chumba kidogo huvuka kwa urahisi desibeli 100, na Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani inapendekeza kwamba mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, muda huo ukipungua kwa nusu kwa kila ongezeko la desibeli 3, kiasi kwamba kwenye desibeli 100 muda unaobaki ni dakika 15 tu. Mtu aliyepiga bila kinga katika ujana wake amekwisha kulipa sehemu ya gharama hiyo, na umri nao huongeza hasara, kwani uwezo wa kusikia sauti nyembamba za juu ndio unaoanza kupotea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya asilimia 25 ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia wa kiwango kinachowatatiza maishani.

Seti ya kielektroniki inampa mpigaji huyo udhibiti wa sauti, lakini haimlindi yenyewe, kwa sababu hedifoni zinaweza kuingiza sikioni kiwango kilekile cha hatari kilichokimbiwa. Hatari hiyo huongezeka kwa jambo dogo lisilotajwa kwenye vijitabu vya maelekezo: pedi si bubu kabisa, mlio wa vijiti vikigonga wavu na mpira husikika chumbani, na mpigaji anayetaka kuufunika mlio huo huongeza sauti pole pole bila kutambua. Hedifoni zinazoziba sikio lote na kuzuia sauti za nje humwezesha kupiga kwa kiwango cha chini, na hiyo ni kinga bora kuliko nia njema.

Wanaotumia vifaa vya kusaidia kusikia wana jambo jingine la kuzingatia, kwani vifaa hivyo hupangwa kwanza kwa ajili ya mazungumzo, ambayo sauti zake hupanda na kushuka ndani ya mipaka finyu, na vinapokutana na mshtuko wa ghafla wa snea huweza kuubana au kuuharibu. Mtaalamu wa masikio anaweza kuviwekea programu ya pili kwa ajili ya muziki, isiyobana sauti kwa ukali huo, na baadhi ya wapigaji huona ni nafuu kuvivua na kufidia upungufu kwa kuinua kidogo sauti za juu ndani ya moduli yenyewe.

Upande wa viungo, ni kosa kudhani kwamba ala tulivu ni ala isiyotumia nguvu. Watafiti wa vyuo vikuu vya Chichester na Gloucestershire nchini Uingereza, waliofanya kazi na Clem Burke, mpiga dramu wa kundi la Blondie, waliona kwamba moyo wake ulipiga kwa wastani wa mara 140 hadi 150 kwa dakika akiwa jukwaani, na nyakati nyingine ukafika 190, viwango vinavyolingana na vya wanariadha. Mpigaji wa ridhaa chumbani kwake hafikii hapo, lakini mtu aliyekaa miaka 30 bila kupiga na ambaye siku ya kwanza anacheza nyimbo zote za ujana wake kwa mfululizo atayasikia matokeo mgongoni, kwenye viwiko na kwenye mashavu ya miguu.

Kinachotokea kati ya kijiti na sikio

Anayetaka kuirekebisha seti yake hana budi kuelewa njia inayopitiwa na pigo. Chini ya wavu hukaa kipande cha sifongo kilichogusana na kisahani chembamba cha piezo, na kisahani hicho hufanya kazi kwa sifa iliyogunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Pigo likitua, mtetemo hubana fuwele, umeme mdogo hupita kwenye waya hadi kwenye moduli, ambayo ndiyo ubongo wa seti, na moduli hupima kilele cha umeme huo, hukigeuza kuwa namba ya nguvu, kisha huchagua kutoka ghala lake sampuli inayofaa, yaani rekodi fupi ya dramu halisi iliyopigwa kwa nguvu inayokaribiana na hiyo.

Katika njia hiyo pana mahali panne ambapo mambo huharibika, na kwa kila mahali moduli ina kipimo cha kurekebisha. Kizingiti ni kiwango cha chini ambacho mtetemo usipokifikia hauhesabiwi kuwa pigo. Kikiwa juu mno, mapigo hafifu ya mkono wa kushoto, ambayo ndiyo uhai wa midundo mingi ya jazi na soul, hupotea, na kikiwa chini mno, hatua za mtu anayepita chumbani huzipiga dramu zenyewe. Wepesi wa kuhisi huamua ni nguvu kiasi gani ya mkono itakayofikisha namba 127, na aliyewekewa wepesi mdogo hujikuta akipiga kwa nguvu nyingi kuliko inavyohitajika, jambo linaloumiza viungo bila faida. Mwingiliano ni hali ya pigo la pedi moja kutetemesha fremu na kuamsha pedi nyingine, na moduli huelekezwa ilipuuze pigo dogo linalotokea sambamba na kubwa. La nne ni pigo la pili la uongo, linalotokea wavu unapoendelea kutikisika baada ya kijiti kuondoka, nalo huzuiwa kwa kuiamuru moduli isisikilize pedi hiyo kwa milisekunde chache, au kwa njia rahisi zaidi ya kukaza wavu ambao umelegea.

Juu ya hayo kuna grafu ya nguvu, ambayo inaeleza jinsi namba zinavyopanda kadiri mkono unavyoongeza nguvu. Grafu iliyonyooka huongeza kwa uwiano ule ule. Iliyopinda kwenda juu mapema humpa mtu mwenye mikono dhaifu sauti kubwa kwa juhudi ndogo, ingawa humpunguzia nafasi ya kutofautisha mapigo ya kati. Hakuna grafu iliyo sahihi kwa kila mtu, na mpigaji huijua yake kwa kupiga pigo moja kwenye snea, akianza na lile lisilosikika vizuri na kupanda hatua kwa hatua hadi lenye nguvu kuliko yote, huku akisikiliza kama sauti inapanda bila kuruka.

Suala la ucheleweshaji, yaani muda unaopita kati ya pigo na sauti, huwasumbua zaidi wale wanaotumia kompyuta badala ya ghala la moduli, kwa kuwa programu kama EZdrummer na Superior Drummer za kampuni ya Toontrack ya Uswidi zina sampuli nyingi na nzuri kuliko zinavyotoshea ndani ya moduli za bei nafuu. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo hata snea ya mbao iliyo sentimita 70 kutoka sikioni huchelewa milisekunde 2, na mwili hauoni tatizo. Kompyuta hukusanya sauti katika mafungu kabla ya kuitoa: fungu la vipimo 256 vya wimbi la sauti kwa kasi ya vipimo 44,100 kwa sekunde huongeza karibu milisekunde 6, ambazo wengi huzivumilia, ilhali fungu la 1,024 huongeza milisekunde 23 na humfanya mpigaji ahisi kwamba mikono si yake. Hedifoni za Bluetooth, ambazo mara nyingi huchelewesha kwa zaidi ya milisekunde 100, hazifai kabisa kwa kazi hii, na mtu anayelalamika kwamba umri umempotezea uwezo wa kufuata mdundo anapaswa kwanza kuangalia kama hedifoni zake zina waya.

Sakafu na majirani

Kimya cha seti ya kielektroniki kina mpaka wake, na mpaka huo uko miguuni. Kelele ya hewani hupunguzwa na wavu na hedifoni, lakini nyundo ya pedali ya besi inapogonga pedi yake hupeleka mshtuko moja kwa moja kwenye sakafu, na jirani wa chini husikia mdundo mzito usio na wimbo, ambao huudhi kuliko muziki wenyewe. Zulia nene halisaidii sana, kwa sababu huzuia kuteleza na kupunguza mlio wa juu lakini hupitisha mitetemo ya chini.

Suluhisho lililoenea miongoni mwa wapigaji wa ridhaa, ambao wengi wao wana muda na vifaa vya useremala, ni jukwaa la mbao mbili pana zilizotenganishwa na mipira ya tenisi iliyokaa nusu ndani ya matundu yaliyotobolewa kwenye ubao wa chini au kwenye kipande cha kati. Mipira hubonyea na kurudi, ikifanya kazi ya springi inayozuia sehemu kubwa ya mshtuko usifike sakafuni, nayo inafaa tu ikiwa imegawanywa kwa kufuata uzito, mingi ikiwa chini ya kiti na chini ya dramu ya besi, kwa kuwa mpira ulioelemewa hadi ukalala haunyonyi tena chochote.

Kisichorudi

Wapigaji wenye uzoefu hutaja hasara ambazo marekebisho hayaziondoi. Pedi nyingi za kawaida hazisikii mburuto wa brashi, vile vijiti vya nyuzi laini vinavyozungushwa juu ya snea katika nyimbo za taratibu za jazi, kwa sababu kihisi kimetengenezwa kupima pigo, na mburuto hauna kilele cha kupimwa. Aliyejifunza kwa kuwasikiliza magwiji wa jazi hupoteza hapo nusu ya msamiati wake. Wavu nao hurudisha kijiti kwa wepesi kuliko ngozi ya plastiki, hasa kuliko ile ya tomu kubwa, hivyo mikono huonekana kuwa na kasi ambayo hutoweka siku mpigaji anapokaa tena kwenye seti ya mbao.

Hasara kubwa zaidi ni upweke, kwa kuwa dramu ziliundwa ili wengine wapate kuzifuata, na hedifoni humfungia mpigaji na nyimbo zilizorekodiwa ambazo haziwezi kumsubiri wala kumjibu. Mwaka 1991 Roy Ernst, wa chuo cha muziki cha Eastman mjini Rochester, Marekani, alianzisha mpango wa New Horizons wa bendi za watu wazima wanaoanza au kurudia muziki uzeeni, na bendi za mfano huo zikaenea mbali na mji huo kwa kuwa zilitambua kwamba mzee hutafuta wenzake kama anavyotafuta ala. Mpigaji mwenye seti ya kielektroniki anayejiunga na kikundi cha namna hiyo hupata mazoezi ya kila siku nyumbani na hupata jioni moja ya kusikilizwa na watu.

Mpangilio wa kazi

Kutokana na yote yaliyoelezwa, kazi ya kuandaa seti ina utaratibu ambao ukigeuzwa hupoteza muda. Kwanza hupangwa mwili: kiti huinuliwa mpaka nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, miguu hukanyaga pedali bila kunyooshwa, snea husogezwa mpaka viwiko vining'inie kando ya mbavu, na matoazi hushushwa chini ya mabega, kisha maungio ya fremu huwekewa alama za utepe ili yasitafutwe upya. Pili hupangwa vihisi, pedi moja baada ya nyingine, kuanzia snea na haihati ambazo ndizo zinazopigwa mara nyingi, na haihati hupimwa upya kila inapohamishwa kwa sababu moduli huhitaji kuelezwa ni umbali gani unaohesabiwa kuwa imefumbwa. Sauti huja mwisho, kwa kuwa snea inayosikika kuwa mbovu mara nyingi ni snea nzuri iliyofikiwa na namba zisizo sahihi, na anayeanza kwa kununua sampuli mpya huhamisha kasoro ileile kwenda kwenye rekodi ya bei kubwa zaidi.

Utaratibu huo haufanywi mara moja ukaisha, kwa sababu masikio na mikono vinaendelea kubadilika, na hapo ndipo ala hii inapoizidi ile iliyotangulia. Moduli huhifadhi mipangilio mingi kwa majina, hivyo mtu aliyepiga akiwa na miaka 62 anaweza akiwa na miaka 75 kuendelea na seti ileile huku wepesi wa kuhisi ukiwa umeongezwa, grafu ya nguvu imelainishwa, na toazi la kulia limehamia upande wa bega lisilouma. Dramu ya mbao ilimtaka mpigaji ajilinganishe nayo mpaka siku aliposhindwa. Seti ya kielektroniki inaweza kulinganishwa naye kila mwaka, mradi awe amejifunza kuirekebisha kwa mikono yake mwenyewe.